Nilitia sahihi kazi nisiyoifanya



Tangu nianze kupita na ile karti ya kazi shingoni, kila Jumamosi kwenye mkutano wetu hakukosi mmoja wa kuniuliza: "Mama, sasa kule unafanya nini?" Mmoja alisema ninatengeneza redio. Mwingine aliwaambia watu kwamba mimi ndiye ninayelinda pesa ndani ya mashini, na wiki hiyo hiyo watu wawili walikuja kunikopa. Dada zetu wa kijarida wameniomba niandike. Nimekubali, lakini niliwaambia mapema kwamba nikiandika, nitaandika na lile jambo la mwezi wa tatu mwaka wa 2024. Kuna wengine kati yenu lilifika mpaka kwenye sufuria zenu, na hawajui lilitoka wapi.

Nina miaka 36 na watoto wanne. Nilisoma komersiale, nikapata diploma ya Serikali, nikaolewa, na kwa miaka mingi ordinatere pekee niliyoijua ni ile ya kijana wa fotokopi. Baadaye nilisoma jioni kwa miezi sita, watoto wakibaki na mama mkwe, na mwezi wa tisa mwaka wa 2023 nikaingia kwenye kampuni moja kubwa hapa Kalemie kama stajere, katika buro inayosaidia watu wenye shida ya mashini. Jina la kampuni silitaji. Tuko watatu: shefu, kijana mmoja wa miaka 22 ambaye naye ni stajere, na mimi. Shefu ni mdogo kwangu kwa miaka mitano. Ananiita Mama, namwita Shefu, na kijana ananiita Yaya. Hakuna anayeona ajabu.

Nilifikiri nitafundishwa mambo makubwa. Wiki ya kwanza nilitambaa chini ya meza na kitambaa mkononi. Vumbi la kiangazi hapa kwetu linaingia ndani ya mashini mpaka kile kipepeo kinachoipoza kinashindwa kuzunguka. Mashini inapata joto, inajizima, na mwenye nayo anasema imerogwa. Nimetoa ndani ya mashini mijusi mikavu, sisimizi, na siku moja kiota cha panya kilichotengenezwa kwa karatasi za ankara. Nyaya za rezo panya wanazila vizuri sana.

Halafu kuna kurante. Mnajua sisi wote tunategemea Bendera, ule mtambo wa maji wa mto Kiyimbi kule kaskazini. Kurante ikikatika, grupe inawashwa, lakini katikati kuna giza la sekunde kumi au ishirini, na sekunde hizo zinatosha kuua kazi ya asubuhi nzima. Ndiyo sababu kila mashini ya maana inakaa na onduleri, lile sanduku zito lenye batri ndani linaloshika umeme muda mfupi. Watu wanaamini sanduku lenyewe. Batri yake inachoka baada ya miaka michache, na kwa joto letu inachoka mapema zaidi. Hapo sanduku linabaki kuwa meza ya kuwekea kikombe cha chai. Wale mlio na vibanda vya fotokopi au saluni za kuchaji simu, chomoeni onduleri yenu ukutani mara moja kwa mwezi, taa ikiwaka tu bila kazi ya haraka. Mashini ikizima papo hapo, batri imekufa na mlikuwa mnajidanganya.

Lakini sehemu kubwa ya kazi ni watu. Mtu anakuja na hasira, na hasira hiyo mara nyingi ni woga. Nitawapa mfano mmoja.

Yuko mama mmoja wa kasa, mtu mzima, ameandika kwa mashini tangu ujana wake, vidole vyake havihitaji macho. Alibadilishiwa ordinatere. Ile mpya ilikuwa imevuka ziwa kutoka Kigoma, na herufi za klavie yake zilikuwa zimepangwa kwa Kiingereza. Asubuhi alijaribu kuingia, mashini ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mara ya tatu ikafunga kabisa. Alikuja kwenye buro yetu bila kusema neno, akakaa, akaanza kufungasha vitu vyake ndani ya mkoba. Ilichukua muda nielewe: alifikiri amefukuzwa. Huko nyuma, kwenye kazi nyingine, aliona watu wakifukuzwa hivyo, hakuna anayekuambia kitu, mlango tu haufunguki.

Nilimwomba aandike neno lake la siri kwenye karatasi mbovu, mimi nikiangalia upande mwingine, halafu aandike hilo hilo kwenye ukurasa mtupu wa mashini alinganishe mwenyewe. Akapiga kelele: "Mbona A imekuwa Q?" Ndivyo ilivyo. Mpangilio wa Kiingereza ulianza kwenye mashini za kuandikia za Marekani katika miaka ya 1870. Wafaransa waliugeuza, Wabelgiji wakatumia huo wa Kifaransa, na Wabelgiji ndio waliotuletea huku wakati mji huu ukiitwa Albertville. Penye A yetu, Kiingereza kina Q. Hata tarakimu: kwetu unabonyeza kwanza ile ya kupandisha herufi ndipo upate 1 au 2, kwao ukifanya hivyo unapata alama za ajabu. Kwa mtu anayeandika bila kutazama, neno la siri lenye A na tarakimu haliwezi kupita hata siku moja. Tulibadilisha mpangilio ndani ya mashini dakika mbili, tukabandika vijikaratasi vya herufi juu ya klavie kwa ajili ya wengine. Mama akarudisha vitu vyake kwenye mtoto wa meza, kimoja kimoja. Kesho yake aliniletea migebuka miwili ya kukaanga.

Niliona kwamba hiyo kazi naiweza. Labda ndipo nilipoanza kulegea.

Sasa lile jambo. Mshahara wa wafanyakazi wote, majina 214, unatengenezwa kwenye mashini moja tu, ya mama wa malipo. Intaneti yetu inatoka kwenye antena ya satelite na ni nzito, kwa hiyo hatutumi kopi mbali. Kila Ijumaa saa tisa mchana mmoja wetu anachukua disiki ya nje ndani ya armwari, anaibandika kwenye mashini ya mama wa malipo, ananakili ile folda ya mishahara, anarudisha disiki, anafunga, na kutia sahihi kwenye kaye. Mwezi wa tatu zamu ilikuwa yangu. Ufunguo wa armwari alikuwa nao yule kijana.

Ijumaa tarehe 15, saa nane na nusu, jirani alinipigia simu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa anachemka na ametapika mara tatu. Mnajua palu ya mtoto, haisubiri. Ningeweza kumwambia shefu. Alikuwa mita kumi kutoka kwangu. Lakini wiki mbili kabla nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mambo ya shule, na nilikwisha sikia mtu mmoja wa buro nyingine akisema kwa sauti kwamba kuchukua wamama ni kuchukua na homa za watoto wao. Nilitaka kuondoka saa tisa kamili kama mtu aliyemaliza. Nikatia sahihi, nikatoka, nikapanda pikipiki mpaka hospitali. Mtoto alipona, namshukuru Mungu.

Jumatatu nilipaswa kunakili. Nilikumbuka. Nikasema nitafanya Ijumaa, zitakuwa zote pamoja.

Ijumaa tarehe 22 nilibandika disiki, mashini ikaniambia nafasi imejaa. Ilitakiwa nimwite shefu tuamue kopi gani za zamani zifutwe. Na nikimwita, angefungua ile disiki na kuona kwamba ya tarehe 15 haimo. Nilikaa pale labda dakika tano. Halafu nikachomoa, nikarudisha, nikatia sahihi mara ya pili. Ile ya kwanza ninaweza kuieleza mbele ya mama yeyote. Ya pili sina la kuielezea.

Jumanne tarehe 26 alfajiri mvua ilitoka ziwani na radi zake. Mnaikumbuka, maji yalikuwa tayari yamepanda sana mwaka ule na wa kando ya ziwa walikuwa wanahamisha vitu. Tulipofika kazini mashini ya mama wa malipo ilikuwa imekufa. Onduleri yake, ile niliyowaambia, batri ilikuwa imechoka. Tulibadilisha kile kisanduku cha kuingiza umeme, mashini ikawaka, lakini disiki ya ndani ikawa inagonga tak, tak, tak, kama mtu anayebisha mlango. Aliyefanya kazi hii anaujua mlio huo. Ndani ya disiki za namna hiyo kuna sahani zinazozunguka na kijisindano kinachosoma bila kuzigusa. Ukisikia inagonga, kijisindano kimepotea, na kila ukiwasha tena unazidi kuharibu. Wako mafundi wanaoweza kuokoa kilichomo, lakini hawako hapa, na bei yao si ya kawaida.

Orodha ya mshahara ilipaswa kufika benki Jumatano saa sita, ili watu wapate pesa Alhamisi, kabla ya Pasaka.

Shefu hakushtuka. Alisema, "Si neno, tuna kopi ya Ijumaa. Tumepoteza siku mbili tu za kazi." Akamtuma kijana alete disiki. Akaifungua. Ya mwisho ilikuwa ya tarehe 8. Akafungua kaye. Tarehe 15, sahihi yangu. Tarehe 22, sahihi yangu. Akamgeukia kijana: "Wewe ndiye mwenye ufunguo. Umefuta nini humu?"

Wamama, nilinyamaza. Sitawadanganya kwamba nilisema mara moja. Kijana alisema hajafuta kitu. Shefu akasema sahihi ya Mama iko hapa, kopi haipo, na ufunguo ni wako. Kijana akaanza kutafuta kichwani kama kweli hakugusa, nikaona anajishuku mwenyewe. Mimi nikatoka kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikasimama kwenye bomba la uani. Nilihesabu. Staje ilikuwa imebakiza miezi mitano. Kila mwezi wananipa pesa kidogo ya usafiri, na pesa hiyo ndiyo inalipa masomo ya wawili kati ya watoto wangu. Kijana hana mtoto. Niliwaza hivyo kweli: hana mtoto, atapata kwingine. Kisha nikamkumbuka mama yake, anayeuza mihogo soko la chini, mbaye alinisalimia siku moja na kuniambia, "Mama, mwanangu yuko mikononi mwako kule."

Nikarudi nikasema. Nilisema kwa Kifaransa kwanza, nafikiri kwa sababu kwa Kifaransa ilionekana kama inamhusu mtu mwingine, halafu nikarudia kwa Kiswahili.

Shefu aliuliza, "Mara ngapi?"

"Mbili."

Hakupiga kelele. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwambia kijana, "Nisamehe." Kwangu akasema, "Mama, andika. Tarehe na saa, zote mbili." Nikaandika ripoti yangu mwenyewe dhidi yangu mwenyewe, ukurasa mmoja. Biki ilikauka katikati nikaazima ya kijana.

Kilichotuokoa kilikuwa kitu nilichokuwa nakicheka. Mama wa malipo hakuwahi kuiamini mashini. Kila saa za ziada, kila avansi mtu aliyochukua, kila siku ya ugonjwa, aliandika pia kwenye kaye ya shule, yenye mistari, kwa mkono. Niliwahi kumwambia, "Mama, siku hizi si za karatasi." Akanijibu, "Karatasi haina haja ya Bendera." Tulichukua kopi ya tarehe 8 tukaiweka kwenye mashini nyingine, na kuanzia hapo yeye anasoma kwenye kaye, mimi naandika, kijana anahakikisha. Tulikaa Jumanne mpaka usiku, Jumatano mpaka usiku, Alhamisi mchana. Majina 214. Usiku wa Jumatano grupe iliishiwa mafuta, tukaendelea kusoma kwa taa ya simu huku tukisubiri. Mama wa malipo hakunigombeza hata mara moja. Ilipofika saa nne za usiku alitoa viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya mkoba, akagawa vitatu sawa.

Tulimaliza Alhamisi jioni, saa za benki zimekwisha pita. Ijumaa mkubwa anayetia sahihi alikuwa amekwisha safiri kwenda Lubumbashi kwa Pasaka. Alirudi Jumanne. Watu walilipwa Jumanne tarehe 2 mwezi wa nne.

Kwa hiyo wale ambao waume zenu waliwaambia "kampuni haijalipa" na mkafikiri wamezinywa. Wale mliovisha watoto nguo za mwaka jana siku ya Pasaka. Wale mliokopa unga wa bukari dukani: ni mimi. Jumapili ile ya Pasaka nilikaa kanisani kwenye benchi moja na mama mmoja wa kikundi chetu. Aliniambia mumewe hajapata kitu na kwamba amekopa. Nikamwitikia, "Mungu atasaidia." Ndilo neno ninalolijutia kuliko sahihi zote mbili.

Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, na staje yangu iliongezwa miezi miwili bila pesa ya usafiri. Sijui kama watanipa kazi mwishoni. Shefu amebadilisha utaratibu: sasa wanatia sahihi wawili, na disiki ni mbili, moja inalala nje ya jengo. Na mara moja kwa mwezi tunachukua kopi, tunaifungua kwenye mashini nyingine, mama wa malipo anachagua majina matano mwenyewe na kuangalia kama hesabu ziko sawa. Kabla ya hapo hatukuwahi kufungua kopi yoyote. Tulikuwa tunahifadhi tu, kama mtu anayeweka mbegu ghalani bila kutazama kama zimetobolewa.

Nimelileta wazo hilo hata kwenye sanduku letu la akiba. Leo michango yetu yote imeandikwa kwenye kaye moja, nyumbani kwa mama mmoja, na picha zake ziko kwenye simu hiyo hiyo moja anayoitumia kwa kila kitu. Niliomba kaye ya pili ikae nyumba nyingine, mbali na ziwa. Wengine walikasirika, wakasema namshuku mweka hazina. Simshuku. Jambo litarudi kwenye mkutano wa Jumamosi ijayo, na yeye mwenyewe ameniambia atalitetea, maana kuta za nyumba yake zililowa mwezi wa tano.

Kuhusu kusema "mtoto wangu anaumwa": tangu mwezi wa nne nimesema mara mbili. Mara ya kwanza shefu alisema nenda. Mara ya pili alikunja uso, akasema nenda. Kijana alifanya zamu yangu, akanitumia picha ya kioo cha mashini kuonyesha imekamilika. Yule mtu wa buro nyingine bado anasema maneno yake. Kijana hanichukii, lakini kwa muda aliacha kuniita Yaya, akawa ananiita Mama kama shefu. Wiki iliyopita Yaya imerudi, na sikuuliza kwa nini.

Kabla ya kuwaletea dada zetu karatasi hizi, nilikwenda kwa yule mama wa benchi la Pasaka. Sikutaka asome kwanza humu. Nilimkuta uani anachambua ndagala kwenye ungo, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Hakuinua macho. Aliuliza kama mtoto alipona vizuri. Nikasema ndiyo. Akachambua tena kidogo, akasema, "Ungeniambia siku ile ile kanisani. Ningejua ni Jumanne, nisingekopa kwa yule. Anachukua riba hata ya siku mbili."

Riba ilikuwa franka elfu tano. Nimemlipa.